Ndege na mahali pake: namna ya kubadilisha mandhari ya foto, na wakati wa kuiacha



Tangu mwalimu wetu wa biolojia alipotupatia ukuta mmoja wa kubandika foto za ndege wanaoonekana ku masomo na mu mtaa wetu wa Mabanga, foto zimeletwa mingi. Kazi yetu sisi wasimamizi wa wanafunzi ni kuzipokea, kuziandika katika daftari na kuzibandika. Tumeona jambo moja. Foto nyingi, kabla ya kutufikia, zilipitishwa katika programu ya kubadilisha mandhari. Tuna kunguru wa Mabanga anayesimama katika theluji. Tuna mwewe aliyepigwa foto juu ya manjanja ya jirani, lakini sasa anaruka juu ya bahari. Tuna shomoro katika bustani ya maua ambayo hakuna mtu wa kalasi yake aliyepata kuiona.

Basi maswali mawili yanatembea uwanjani. Wengine wanauliza: "Inafanywa je?" Wengine wanauliza: "Inaruhusiwa?" Tumeona vema kuyajibu yote mawili, moja nyuma ya lingine, kwa sababu mtu asiyeelewa kazi hawezi kuihukumu vizuri. Katika makala hii neno mandhari ni kila kitu kinachoonekana nyuma ya ndege na kandokando yake: mbingu, ukuta, mti, maji, manjanja.

1. FOTO YA TELEFONE IMEFANYWA NA NINI?

Ukiikuza foto sana, utaona kwamba si kitu kimoja. Ni nukta ndogo zilizopangwa kwa mistari. Foto yenye nukta 4000 kwa upana na nukta 3000 kwa kimo ina nukta 12.000.000. Kila nukta imeandikwa kwa namba tatu: ya kwanza ni ya rangi nyekundu, ya pili ya kijani, ya tatu ya buluu. Kila namba inaanza 0 mpaka 255. Zote tatu zikiwa 0, nukta ni nyeusi kabisa. Zote tatu zikiwa 255, ni nyeupe kabisa. Zikiwa sawa lakini katikati, ni ya kijivu.

Ni lazima kushika jambo hili, maana mengine yote yanatoka hapa. Programu haina macho. Wewe unaona bawa na mdomo. Yenyewe inapokea namba tu. Kila njia ya kumtoa ndege katika foto ni njia ya kujibu swali moja juu ya kila nukta: hii ni ya ndege, ao ni ya mandhari?

2. NJIA TATU ZA KUMTOA NDEGE

Njia ya kwanza ni ya rangi. Unaiambia programu: kila nukta iliyo karibu na buluu hii, iondoe. Ni njia ya televisheni na sinema, ambamo msemaji anasimama mbele ya kitambaa cha kijani ao cha buluu, halafu fundi anamwekea nyuma mji ao ramani ya mvua. Mwewe akiruka juu ya Goma siku ya mbingu safi, mbingu ndiyo kitambaa chetu, na kazi inakwisha upesi.

Lakini jaribu kunguru wetu, mwenye mwili mweusi na kifua cheupe, akisimama juu ya ukuta wa mawe ya volkano. Mawe ni meusi, bawa ni jeusi. Programu inaondoa ukuta pamoja na bawa, na wewe unabaki na kifua cheupe peke yake hewani, sawa shati lililoanikwa kwenye kamba. Na yule ndege mvuvi wa ku ziwa, mweupe na mweusi, anayepiga mabawa fasi moja juu ya maji kabla ya kujitupa chini: ukimpiga foto mbele ya mawingu, tumbo lake linakwenda na mawingu. Njia ya rangi inafaa tu pale ambapo ndege hana rangi ya mandhari yake.

Njia ya pili ni ya mkono. Unaikuza foto, unaweka alama pembeni ya ndege, kidogo kidogo, mpaka umemzunguka wote. Programu ya GIMP, iliyotoka mwaka 1996 na ambayo ni ya bure, inafanya kazi hii bila intaneti. Photoshop, iliyoanza kuuzwa mwaka 1990, inaifanya pia, lakini ni ya kulipa. Njia hii inataka saa moja ya uvumilivu, na umeme usikatike katikati.

Hapa tuna shauri moja kwa mafundi wetu. Usifute mandhari. Iwekee kifuniko. Kifuniko ni tabaka jingine linalolala juu ya foto: unapopaka rangi nyeusi, foto inafichika, unapopaka nyeupe, inaonekana, unapopaka kijivu, inaonekana nusu. Ukikata mguu wa ndege bila kutaka, unapaka nyeupe na mguu unarudi. Kila fundi wa nguo hapa Goma anajua tofauti hii: kitambaa kilichokunjwa kinakunjuliwa, kilichokatwa na makasi kimekatwa.

Njia ya tatu ni ya mashini iliyofundishwa, na ndiyo iliyoleta foto nyingi ku ukuta wetu. Watu walichukua foto maelfu na maelfu, wakachora kwa mkono mpaka wa kila kitu: huyu ni mtu, huyu ni mbwa, huyu ni ndege. Mashini ikapewa foto, ikakisia, ikaonyeshwa jibu, ikajisahihisha, ikakisia tena, mara nyingi sana, mpaka makosa yakapungua. Ni sawa na sisi wafinalisti tunaojitayarisha kwa Exetat na maswali ya miaka iliyopita. Mwaka 2018 huduma ya intaneti inayoitwa remove.bg ilianza kuwafanyia watu kazi hii katika sekunde chache. Mwaka 2022 telefone za Apple zilianza kumtoa mnyama ao mtu katika foto kwa kumgusa tu na kidole. Leo programu nyingi za telefone zinafanya vile.

Lakini mwanafunzi aliyejifunza maswali ya zamani peke yake anajulikana siku swali jipya linapofika. Mashini hii inakisia. Mguu mwembamba wa ndege unafanana na waya wa umeme, basi mara inaondoa mguu, mara inaacha waya. Mkia mrefu inaukata. Ndege akijificha nusu nyuma ya jani, inamwachia jani kama kwamba ni bawa la tatu. Na kuna programu mpya ambazo hazikati tu. Zinaongeza. Pale ambapo mguu haukuonekana, zinachora mguu; pale ambapo manyoya hayakuwa wazi, zinachora manyoya mazuri. Mguu ule na manyoya yale hayakupigwa foto na mtu. Yamebuniwa. Mtazamaji hawezi kuyatofautisha na ya kweli kwa macho.

3. MATATA YA MANYOYA

Ukikata sanduku katika foto, mpaka wake ni mstari safi. Ndege si sanduku. Pembeni ya manyoya, nukta moja inaweza kuwa nusu unyoya na nusu mandhari, na namba zake ni mchanganyiko wa vyote viwili. Tufanye hesabu, ni rahisi.

Tuseme unyoya ni mweupe: 240, 240, 240. Nyuma yake kuna jani la mgomba: 60, 120, 40. Nukta iliyo nusu kwa nusu itakuwa katikati: 150, 180, 140. Ni nyeupe iliyoguswa na kijani. Sasa tunamtoa ndege huyu na kumweka mbele ya jiwe la volkano lenye namba 40, 40, 40. Nukta ile ingepaswa kuwa nusu unyoya na nusu jiwe, yaani 140, 140, 140, kijivu safi. Lakini sisi tumeihamisha kama ilivyo, na bado ni 150, 180, 140. Ndege anatokea na ukanda mwembamba wa kijani umemzunguka. Ule ukanda ni kipande cha mgomba alichobeba kutoka kwao.

Ndiyo maana foto nyingi zilizobadilishwa zinajulikana pembeni. Fundi mzuri anaiambia programu itoe rangi ya zamani katika nukta za mpakani na iweke ile mpya. Fundi wa haraka anapunguza ndege pembeni mpaka ukanda upotee, na pamoja nao yanapotea manyoya madogo. Ndege anabaki laini sawa sabuni. Mwenye kutaka kuchunguza foto aanze hapa: kichwani, mkiani, na katikati ya vidole vya miguu.

4. JUA, KIVULI NA MIGUU

Tuseme umekata vizuri kabisa. Bado ndege wako anaweza kusema kwamba ametoka mbali.

Kwanza angalia jua. Goma iko karibu sana na ikweta, chini ya digrii 2 upande wa kusini. Saa sita ya mchana jua linakuwa juu ya kichwa, mgongo wa ndege unawaka, tumbo linakuwa na giza, na kivuli ni kifupi chini ya miguu yake. Katika Ulaya wakati wa baridi, jua la saa sita linabaki chini na kivuli kinalala mbali. Yule kunguru wetu wa katika theluji ana mwanga wa juu mgongoni, lakini miti ya nyuma yake ina vivuli virefu vinavyokwenda upande mmoja. Kuna majua mawili katika foto moja. Mungu alitupatia moja.

Pili angalia uwazi wa foto. Mtu akimpiga ndege kwa karibu, vitu vya mbali vinakuwa na ukungu. Ukiona ndege na mlima wa mbali vyote vina mistari mikali sawasawa, uliza. Tatu angalia miguu. Ndege aliyesimama kwenye tawi amelishika, vidole vinalizunguka. Aliyetolewa kwenye manjanja bapa na kuwekwa kwenye tawi anakanyaga hewa. Nne, kama kuna maji, angalia kama maji yamemwona: ndege anayeogelea katika maji matulivu ana sura yake chini, imegeuzwa.

Basi jibu la swali la kwanza limekamilika. Inafanywa vile.

5. MANDHARI NI SHAHIDI

Sasa tufike kwa swali la pili, na tulijibu kwa mambo mawili yaliyotokea katika inchi yetu.

Mwaka 1913 Mwamerika mmoja kijana, James Chapin, alikuwa Avakubi, katika pori la Ituri, akitafuta wanyama na ndege kwa ajili ya makumbusho ya New York. Katika kofia ya mtu wa huko aliona unyoya ambao hakuweza kujua ni wa ndege gani. Akaubeba mpaka Amerika, akautunza. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alikuwa katika makumbusho ya Kongo kule Tervuren, Ubelgiji, akakuta ndege wawili waliokaushwa, wamewekwa kando. Kibao chao kilisema ni tausi wachanga wa India. Chapin akatambua unyoya wake. Hawakuwa wa India hata kidogo. Walikuwa tausi wa Kongo, ndege wa pori letu, ambaye wataalamu wa Ulaya na Amerika hawakumjua bado. Mwaka uleule akamwandika kwa jina la Afropavo congensis, na mwaka 1937 akarudi Kongo, akampata.

Tuangalie vizuri. Wale ndege wawili walikuwa wa kweli. Manyoya yao yalikuwa kamili, mtu yeyote angeweza kuyahesabu. Kilichokuwa cha uongo ni mahali palipoandikwa chini yao, na ule uongo mmoja mdogo uliwafanya wapitwe na watu wenye elimu siku kwa siku bila kutazamwa. Mtu anayemtoa ndege wa Mabanga na kumweka katika bustani ya mbali anamtengenezea kibao cha namna ileile.

Jambo la pili ni la karibu. Katika milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, kuna ndege mweusi mwenye kofia ya manyoya ya manjano kichwani. Jina lake la sayansi ni Prionops alberti, kwa heshima ya mfalme Albert wa Ubelgiji. Karibu miaka 20 ilipita bila watafiti kumwona, na foto yake haikujulikana hata moja. Mwisho wa mwaka 2023 na mwanzo wa 2024, kundi la watafiti wa chuo kikuu cha Texas kule El Paso, wakiwemo Michael Harvey na Eli Greenbaum, pamoja na wenzao Wakongo wa kituo cha utafiti cha Lwiro, walitembea Itombwe kwa miguu muda wa wiki sita. Walimkuta. Wakampiga foto, na mwezi wa pili 2024 habari ikatangazwa: foto za kwanza kujulikana za ndege yule.

Fikirieni sasa kama mmoja wao angesema, "Majani haya yanaharibu foto, tuweke mbingu nzuri ya buluu." Ndege mweusi mwenye kichwa cha manjano ni rahisi kwa programu kumtengeneza, mtoto anaweza kumpaka kunguru manjano. Yale majani na matawi ya pori la mlimani ndiyo yanayosema: alikuwa hapa, katika pori hili, tulisimama chini yake. Mtaalamu anasoma humo mengine pia: ni mti gani, ni juu ao chini, alikuwa peke yake ao na wenzake. Ukiyaondoa, unabaki na ndege mzuri asiyeweza kushuhudia neno.

Na watu wakubwa wa foto wanalijua hili. Makumbusho ya London inayotoa kila mwaka zawadi ya foto za wanyama wa porini ilimnyang'anya mtu zawadi yake mwaka 2018, waamuzi walipoona kwamba mnyama wa katika foto yake inaelekea sana alikuwa amekaushwa na kusimamishwa pale. Katika foto ile kichuguu kilikuwa cha kweli na usiku ulikuwa wa kweli. Haikutosha. Ndege na mahali pake wanakwenda pamoja, ao ushuhuda umevunjika.

6. KWA NINI TUNAIFICHA MABANGA?

Tumewauliza wenzetu walioleta foto zilizobadilishwa. Hakuna aliyetaka kudanganya. Jibu lilikuwa karibu moja: "Ile manjanja ni ya kutu, inatupa haya." Mwingine akasema: "Nyuma kulikuwa waya za umeme na chukudu ya jirani. Watu watacheka." Mwingine: "Ndege mzuri hakai fasi mbaya."

Neno hili la mwisho ndilo lililotufanya tuandike makala hii.

Jina la mtaa wetu linatoka katika Lingala, na maana yake ni mawe. Tunakaa juu ya mawe ya volkano, tunajenga kuta na mawe ya volkano, tunacheza mupira juu yake na magoti yetu yanajua. Na ndege wako hapa. Kunguru anatembea juu ya paa asubuhi. Mwewe anazunguka juu ya soko akingoja mtu asahau kipande cha nyama. Vile vindege vidogo vya kunyonya maua vinaingia mpaka dirishani pale ambapo mama fulani amepanda ua katika bidoni iliyokatwa. Hawakungoja tuwe na bustani. Walikuja kwa sababu kuna chakula, kuna waya wa kukalia, kuna tundu katika ukuta wa mawe la kuweka mayai.

Hiyo ndiyo elimu yenyewe tunayoitafuta ku ukuta ule. Mwalimu hakuomba foto nzuri. Aliomba kujua ni ndege gani wanaweza kuishi na watu wengi namna hii, juu ya mawe namna hii, na wanafanya je. Foto ya kunguru juu ya manjanja ya kutu inajibu. Foto ya kunguru katika theluji haijibu, hata ikiwa nzuri mara kumi. Na mtoto wa kalasi ya kwanza akipita mbele ya ukuta wenye foto za theluji na bahari tupu, ataelewa nini? Ataelewa kwamba ndege ni mali ya inchi nyingine, na kwamba yeye akitaka kuona kiumbe kizuri lazima kwanza aondoke.

Tena sisi watu wa Goma tunajua bei ya foto yenye mahali pa uongo. Tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ililipuka usiku, na siku tano nyuma mitaa kumi ya mji iliamriwa kuhama. Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka kila mzazi alivyokuwa akitazama telefone apate kujua moto umefika wapi. Siku kama ile, moto wa mtaa mmoja ukiwekwa katika foto ya mtaa mwingine, jamaa nzima inaweza kukimbilia upande usiofaa. Programu inayofanya kazi ile ni hii hii ya ndege. Mkono unaozoea kusema "ni mchezo tu" juu ya kunguru unajizoeza.

7. LINI INAFAA KUBADILISHA?

Hatusemi programu hizi ni mbaya. Kuna fasi tatu ambapo tunaziona kuwa na faida.

Ya kwanza ni kujifunza. Vitabu vya kutambua ndege vinawachora juu ya karatasi nyeupe, wamepangwa kando kwa kando, ili jicho lilinganishe mdomo na mdomo, mkia na mkia. Kumtoa ndege na kumweka juu ya rangi moja tupu kwa kazi ile ni vizuri. Hakuna anayefikiri kwamba kunguru anaishi katika karatasi.

Ya pili ni mapambo: kalendari, kadi ya sikukuu, tangazo la tamasha la kwaya. Pale kila mtu anajua ni mchezo wa rangi.

Ya tatu ni ulinzi, na hii watu wanaisahau. Kasuku wa kijivu, ambaye ni ndege wa pori la Kongo, anatafutwa sana na watu wa kumuuza kwa sababu anajua kusema. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini ilikatazwa mwaka 2017, lakini watu wa mitego hawajaisha. Ukimpiga foto kasuku ku kiota chake, na mti ule unajulikana, foto yako inaweza kuwa ramani ya mwizi. Hapa kuficha mandhari ni wajibu. Lakini angalieni namna: unaweka rangi tupu na unaandika "mahali pamefichwa". Kunyamaza juu ya mahali ni halali. Kutaja mahali pengine si halali.

8. UTARATIBU TUNAOPENDEKEZA

Tumeuweka utaratibu huu mbele ya mwalimu wa biolojia na tutaupeleka kwa Prefe wetu. Kabla haujakubaliwa, tunawaomba muusome na kutuletea mawazo.

a) Tunza foto ya kwanza kama ilivyotoka ku telefone. Fanya mabadiliko juu ya nakala. Ukitaka ndege aliyekatwa asiwe na mandhari, mwandike katika namna ya PNG, maana JPEG haiwezi kutunza uwazi, itaujaza rangi.

b) Ukituma kwa WhatsApp, tuma foto kama dokima, si kama foto ya kawaida. Ikitumwa kama foto inapunguzwa, na tarehe na saa vilivyoandikwa ndani yake vinaondolewa. Asiye na mega alete telefone yake, tutaitoa kwa kamba ya ordinateri.

c) Chini ya kila foto andika mambo matano: fasi, tarehe, saa, aliyepiga, na kilichobadilishwa. Hata ukipunguza kando tu ao ukiongeza mwanga, andika. Ni neno moja, halimchokeshi mtu.

d) Tutenge kuta mbili. Ukuta wa biolojia utapokea foto zenye mandhari yake ya kweli tu, na zile za "mahali pamefichwa". Ukuta wa sanaa, karibu na chumba cha kwaya, utapokea theluji, bahari na kila mnachotaka, na kazi nzuri itasifiwa.

e) Mguu, bawa ao unyoya uliochorwa na mashini usiingie katika ukuta wa biolojia hata kidogo. Ndege asiye na mguu mmoja katika foto aingie na mguu mmoja.

Foto zilizokwisha kubandikwa hatutazitupa, na hakuna mtu atakayeadhibiwa juu yake. Tunawaomba wenyewe watafute ile ya kwanza, yenye manjanja na waya, wailete. Tutazibandika mbili kando kwa kando kwa wiki moja, wote waone kazi ya programu inavyofanywa, halafu kila moja itakwenda ku ukuta wake.

Meza yetu iko mbele ya kalasi ya nne, kila siku ya Ijumaa wakati wa mapumziko. Hatuna bado foto ya yule ndege mvuvi wa ku ziwa, wala ya mwewe aliyekaa. Anayekaa karibu na maji, ao mwenye jirani mwenye antena ndefu, atusaidie. Mandhari iwe ileile atakayoikuta.

Kwa jina la wasimamizi wa wanafunzi,
Msimamizi mkuu, mfinalisti